Nusu ya Nani? Machotara na Ubaguzi katika Michezo ya Kubuni

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa Haki na Amani na walezi wa vijana



Mada niliyopewa imewashangaza baadhi yenu, wala siwalaumu. Katika semina zetu tumezoea kuzungumzia ardhi, mahabusu, mirathi ya wajane na haki za mpiga kura. Leo tumeketi kuzungumzia mchezo, tena mchezo uliobuniwa Marekani, wenye viumbe wasiokuwapo duniani. Mtu ana haki ya kuuliza: je, tumekosa kazi?

Jibu langu ni hili. Ubaguzi tunaoishi nao aghalabu haukuandikwa mahali popote. Umo machoni, umo katika minong'ono, umo katika posa inayokataliwa bila sababu kutajwa. Katika mchezo huu ubaguzi uliandikwa kwa tarakimu, ukachapishwa, ukauzwa madukani, na baadaye ukaanza kufutwa hadharani, watu wakitazama na kubishana. Ni nadra kuuona ugonjwa waziwazi namna hiyo. Basi tuutazame, tukijua kwamba tunachokitafuta hasa ni namna mtu mwenye asili mbili anavyotendewa, mchezoni na nje ya mchezo.

1. Mchezo wenyewe

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kuchapishwa na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Hauhitaji uwanja wala ubao. Wachezaji wachache hukaa mezani, mmoja wao akawa msimulizi na mwamuzi, na kila mmoja wa wengine akavaa nafsi ya mhusika mmoja wa hadithi. Msimulizi husema, "Mmefika kwenye mlango wa mji, na askari wanawazuia." Wachezaji hujibu watafanya nini, na penye mashaka hurushwa dadu, hasa ile yenye pande 20. Walimu wetu wangeuita igizo-dhima lisilo na hadhira, linaloweza kuendelea kwa miezi au hata miaka.

Kila mhusika ana karatasi yake. Humo huandikwa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Kila sifa hupewa alama, na alama hizo ndizo zinazoamua ni mara ngapi mhusika atafaulu na ni mara ngapi atashindwa. Na kabla ya hayo yote mchezaji huchagua asili ya mhusika wake. Anaweza kuwa binadamu, au elfi, yaani kiumbe mwembamba, mrembo, mwenye masikio yaliyochongoka na maisha marefu kupita kiasi. Adui wa kawaida katika hadithi hizi ni orki: mwenye nguvu, mwenye meno yaliyojitokeza kama ya nguruwe, mpenda vita. Na kwa kuwa hata katika ndoto watu huoana, mwaka 1975 aliongezwa mhusika aliyeitwa nusu-elfi, na mwaka 1978 akaongezwa nusu-orki.

Mtu asiseme kwamba mambo haya yako mbali. Michezo mingi ya kompyuta imejengwa juu ya kanuni hizo hizo. Baldur's Gate 3, iliyotolewa mwaka 2023, ni mfano mmoja tu. Kijana ambaye hajawahi kukiona kitabu chenyewe anaweza kukutana na nusu-orki kwenye kioo cha kompyuta, naye hatajua kwamba nyuma ya kiumbe huyo kuna mtu aliyekaa mezani akaamua anastahili alama ngapi.

2. Dharau iliyoandikwa kwa tarakimu

Tukifungue basi kile kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978. Nusu-orki aliongezewa alama 1 ya nguvu na alama 1 ya ustahimilivu, akapunguziwa alama 2 za haiba. Maana yake ni kwamba kabla hajasema neno wala kutenda tendo, kanuni ilikuwa imekwisha kuamua kwamba watu hawatampenda.

Kisha kila asili iliwekewa kikomo cha kupanda ngazi katika kazi mbalimbali. Binadamu hakuwekewa kikomo kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Nusu-orki alipewa kikomo cha ngazi ya 4 akiwa kuhani, ngazi ya 10 akiwa askari, na ngazi ya 8 akiwa mwizi. Kazi moja tu aliachiwa apande bila mpaka: kazi ya muuaji wa kukodiwa. Kulikuwa pia na jedwali lililoonyesha, kwa herufi moja moja, ni asili gani inapendelewa na ipi, ipi inavumiliwa, na ipi inachukiwa.

Lakini lililo zito zaidi ni maelezo yaliyofuatana na tarakimu hizo. Kitabu kilisema kwamba ni kama sehemu moja ya kumi tu ya machotara hao wanaoweza kupita machoni pa watu kama binadamu kamili, na kwamba mhusika wa mchezaji achukuliwe kuwa mmoja wa hao bora. Mwenye kuijua historia ya Marekani hashindwi kuitambua sauti hiyo. Kwa vizazi vingi Wamarekani weusi wenye ngozi nyeupe walilazimika kuchagua: kuficha nusu ya ukoo wao na kupita kama wazungu, au kuukiri na kufungiwa milango. Jambo hilo la aibu na machozi likawa hapa sifa ya mhusika wa mchezo, bila aliyeliandika kuonyesha kwamba ameliona.

Toleo la mwaka 1989 lilimwondoa nusu-orki katika kitabu kikuu cha wachezaji. Mwaka 2000 alirudishwa, safari hii akiongezewa alama 2 za nguvu na kupunguziwa alama 2 za akili na 2 za haiba. Yaani amekuwa mtu wa misuli: mwenye kufaa kubeba na kupigana, asiyefaa kufikiri wala kuongoza. Ndugu zangu, sentensi hiyo tumekwisha kuisikia. Waliosemwa hivyo hawakuwa na meno ya nguruwe. Walikuwa babu zetu, na waliosema hivyo walikuwa na vitabu vyao pia.

3. Nusu mbili zisizo sawa

Sasa tazameni jambo ambalo mtu huweza kulipita. Nusu-elfi na nusu-orki wote wawili ni machotara, lakini hawakutendewa sawa. Nusu-elfi huchorwa mrembo, mwenye huzuni ya heshima, mtu wa pande mbili anayetamaniwa na zote. Nusu-orki huchorwa mwenye kovu na hasira. Kwa hiyo si kweli kwamba mchezo ulidharau mchanganyiko kwa kuwa ni mchanganyiko. Ulipima mchanganyiko kwa kuuliza: umechanganywa na nani?

Mizani hiyo ni ya zamani kuliko mchezo. Waandishi wake walichota sana katika hadithi za Mwingereza J. R. R. Tolkien, ambaye kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilitoka miaka ya 1954 na 1955. Humo Elrond, mwenye damu ya elfi na ya binadamu, ni bwana mwenye hekima, na ukoo wake ulipewa hiari ya kuchagua wahesabiwe upande gani. Wenye damu ya orki na ya binadamu, kwa upande mwingine, ni askari na wapelelezi wa msaliti, wala hakuna anayewauliza wanachagua nini. Hiari wamepewa walio juu. Walio chini wamepewa hukumu.

Lakini haki inadai tuseme yote kuhusu Tolkien. Mwaka 1938 wachapishaji wa Kijerumani waliotaka kutafsiri kitabu chake walimwuliza kama asili yake ni ya Kiarya. Alikasirika, na katika jibu aliloliandaa alisikitika kwamba, kwa kadiri ajuavyo, hakuwa na mababu miongoni mwa Wayahudi, watu aliowasifu. Hata hivyo ni mtu huyo huyo aliyeandika katika barua ya mwaka 1958 kwamba sura za maorki wake zifanane na sura za Wamongolia jinsi Wazungu wanavyoziona kuwa mbaya. Mtu aliyeukataa ubaguzi alipouona mlangoni pa Wajerumani hakuuona ulipoketi mezani kwake. Simtaji ili kumhukumu marehemu. Namtaja kwa sababu ndivyo ubaguzi unavyoishi ndani ya watu wema: hauondoki wote kwa siku moja.

4. Damu haisemi, sheria ndiyo isemayo

Mchezo unatusaidia kuuona ukweli ambao katika maisha umefichwa: mtu haleti cheo chake katika damu. Cheo huandikwa na mwenye kalamu. Naomba tupitie mifano minne ya kweli.

Kwanza, koloni la Virginia katika Amerika. Mwaka 1662 sheria iliamua kwamba mtoto afuate hali ya mama yake. Kwa hiyo mtoto wa bwana Mwingereza kwa mwanamke mtumwa alikuwa mtumwa, na baba aliweza kumwuza mwanawe. Mwaka 1924 jimbo hilo hilo lilitunga sheria iliyomhesabu mtu kuwa mweupe iwapo tu hana hata chembe ya damu nyingine, isipokuwa kiasi kidogo sana cha damu ya Wahindi Wekundu, na ikamkataza mweupe kuoana na asiye mweupe. Ilivunjwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1967. Gygax na Arneson walikuwa tayari watu wazima au vijana siku hiyo. Mchezo wao ulizaliwa miaka saba baadaye.

Pili, pwani yetu. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Zanzibar, mtoto wa suria ambaye bwana alimkubali kuwa wake alikuwa huru na alifuata ukoo wa baba. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Huko Virginia mtoto wa namna hiyo angeuzwa mnadani. Hapa aliketi kitini. Tusijisifu upesi lakini, maana usultani huo ulisimama juu ya migongo ya watumwa. Na lugha yetu imeendelea kumwita mtu wa asili mbili "suriama", neno linalosikika kama linaloulizia hali ya mama yake kabla ya kuuliza jina lake.

Tatu, Afrika Kusini. Sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu ilimgawia kila mtu mbari yake. Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955 na wazazi walioandikishwa kuwa weupe, lakini ngozi yake ilikuwa ya kahawia na nywele zake za kujisokota. Mwaka 1966 aliondolewa shuleni na kuandikwa chotara. Mwaka 1967 sheria ilipobadilishwa akaandikwa mweupe tena. Katika muda wote huo mtoto alikuwa yule yule, mwenye ngozi ile ile. Kilichobadilika ni karatasi.

Nne, na hapa sisi wa Kanisa yatupasa kuinamisha vichwa, Kongo, Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji. Watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa mama zao na kuwekwa katika nyumba za misioni, kama vile Katende huko Kasai na Save huko Rwanda, kwa sababu serikali iliona kuwapo kwao ni hatari kwa utaratibu wa weupe na weusi. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi kwa niaba ya nchi mwaka 2019. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kitendo hicho kilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, na kwamba wanawake watano waliochukuliwa Kongo kabla ya kutimiza miaka saba walipwe Euro 50,000 kila mmoja. Wanawake hao walikuwa wamekwisha kupita umri wa miaka 70.

Unganisheni mifano hiyo minne. Mtoto wa asili mbili ni mtumwa mahali pamoja, sultani mahali pengine, mtu wa kuandikwa na kuandikwa upya mahali pa tatu, na mtu wa kufichwa mahali pa nne. Kama damu ndiyo ingekuwa inasema, ingesema neno moja kila mahali. Basi anayesema ni mwandishi wa kanuni, na mwandishi wa kanuni anaweza kuulizwa maswali.

5. Ubaguzi ndani ya hadithi na ubaguzi ndani ya kanuni

Hapo ndipo tunapoweza kutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya.

Jambo la kwanza ni ubaguzi ndani ya hadithi. Msimulizi anasema kwamba mwenye nyumba ya wageni amemtazama nusu-orki na kukataa kumpa chumba. Mchezaji aliyevaa nafsi ile anaonja, japo kwa dakika chache, mlango kufungwa usoni pake bila kosa. Wenzake wanalazimika kuamua: walale ndani wamwache nje, au walale nje pamoja naye? Hapo mchezo unaweza kuwa shule ya dhamiri, kama yalivyo maigizo tunayoyafanya katika semina, pale kijana wa kiume anapovaa nafsi ya mjane anayenyang'anywa shamba.

Jambo la pili ni ubaguzi ndani ya kanuni. Hapo asemaye kwamba nusu-orki ni mjinga si mwenye nyumba ya wageni. Ni kitabu. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kukosea, kuaibishwa, na hata kutubu kabla hadithi haijaisha. Kitabu hakikosei, maana ndicho kinachofafanua ukweli wa ulimwengu ule. Mwenye chuki anakuwa mtu mwenye habari sahihi, na mwenye kumtetea chotara anakuwa mtu wa huruma asiyejua mambo.

Wapo wanaosema, "Hawa ni viumbe wa kubuni, hakuna orki anayeumia." Ni kweli hakuna orki anayeumia. Lakini akili ya kijana haina vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta. Akizoea kwa saa nyingi ulimwengu ambamo damu ndiyo inayoamua akili na tabia, atakuwa amezoezwa namna ya kufikiri, na namna hiyo ataibeba hadi sokoni na kwenye kituo cha kupigia kura. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutunga usaha.

Kuna na doa jingine. Katika hadithi nyingi zilizozunguka mchezo huo, kuzaliwa kwa nusu-orki kulidhaniwa kimyakimya kuwa tunda la mwanamke wa kibinadamu kunajisiwa vitani. Sisi tunaoishi kwenye Maziwa Makuu hatuwezi kulisikia hilo kama simulizi la kupitisha jioni. Katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 wanawake wengi walinajisiwa, na maelfu ya watoto wakazaliwa hivyo. Watoto hao sasa ni watu wazima, wenye kazi, na baadhi yao wenye watoto. Wengine walikua wakiitwa majina yaliyowakumbusha kila siku kosa ambalo si lao. Kusema kwamba chotara hawezi kuzaliwa ila kwa ukatili ni kumwambia kila mtu wa asili mbili kwamba wazazi wake hawakuweza kupendana. Na kumfanya aliyezaliwa kwa ukatili kuwa mkatili kwa asili ni kumwadhibu mtoto badala ya mhalifu.

6. Dawa iliyomwondoa mgonjwa

Wenye mchezo hawakubaki viziwi. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kilimwacha nusu-orki na nyongeza zake bila kumpunguzia akili wala haiba, ingawa kitabu kingine cha mwaka 2016 kilimpunguzia orki mwenyewe alama 2 za akili. Mwezi wa Juni 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayoumiliki mchezo sasa, ilikiri hadharani kwamba maorki, pamoja na wale maelfi wenye ngozi nyeusi waishio chini ya ardhi, walikuwa wamechorwa kwa namna inayofanana na jinsi mataifa halisi yalivyotukanwa na yanavyoendelea kutukanwa. Mwaka huo huo kile kipunguzo cha akili kilifutwa, na kitabu kipya kikamruhusu mchezaji kuziweka alama zake apendapo. Mwezi wa Desemba 2022 kampuni ilitangaza kuacha neno lenye maana ya mbari, lile lile linalotumika kuwagawa watu weusi na weupe, na badala yake kutumia neno lenye maana ya spishi.

Kisha kikaja kitabu cha mwaka 2024. Nyongeza za sifa hazikutoka tena katika kuzaliwa. Zilitoka katika malezi na kazi ya mhusika kabla ya safari yake. Orki akawa mtu ambaye yeyote anaweza kumchagua. Lakini nusu-elfi na nusu-orki hawakuwamo tena. Anayewataka aliambiwa kwamba anaweza kuwatumia wale wa kitabu cha zamani.

Wachezaji wenyewe waligawanyika. Kati ya wale wenye wazazi wa mbari mbili, wapo waliofurahi kuona neno "nusu" limekufa. Wengine waliuliza swali linalostahili kusikilizwa: mtu peke yake aliyefanana nami ndani ya kitabu, mbona ndiye aliyeondolewa?

Mimi naona swali hilo lina haki upande wake. Kosa halikuwa kwamba chotara yumo kitabuni. Makosa yalikuwa matatu: kipunguzo, neno la kumfanya sehemu ya mtu, na simulizi la kuzaliwa kwa aibu. Makosa hayo matatu yangeweza kuondolewa na mtu akabaki. Anayemwondoa mtu kwa sababu alitukanwa amemaliza matusi, lakini amemaliza pia nafasi yake mezani. Serikali ya Ubelgiji nayo haikuwapiga wale watoto wa Kongo mbele ya watu. Iliwatoa tu mahali walipoonekana.

Njia nyingine ilikuwapo. Mchezo wa Pathfinder, ulio ndugu wa mchezo huu, uliacha neno la mbari mwaka 2019 na kutumia neno la asili. Mwaka 2023 ukawapa wale walioitwa nusu-elfi na nusu-orki majina yao wenyewe, aiuvarin na dromaar, wala hawalazimiki tena kuwa na mzazi binadamu. Naye Eugene Marshall alitoa mwaka 2020 kitabu kidogo kinachotenganisha kile ambacho mtu hurithi kwa wazazi na kile ambacho hufundishwa na jamii iliyomlea, kikiwa na nafasi kwa wenye asili zaidi ya moja. Kumbe aliyelelewa na maorki huimba kama maorki, hata kama ana masikio ya elfi. Huo ni ukweli ambao bibi yeyote aliyelea wajukuu wa makabila mawili angeweza kuwaambia watunga kanuni bila malipo.

7. Yatupasayo

Kwa walezi ambao vijana wao hucheza michezo hii, au hutunga maigizo na hadithi za namna hii, napendekeza mambo matano.

Kwanza, ubaguzi ukiwamo katika hadithi, uwekwe kinywani mwa watu, usiwekwe katika kanuni. Mtu anaweza kujibiwa.

Pili, mhusika wa asili mbili apewe baba na mama wenye majina, na sababu ya kuoana kwao. Mtu asiye na wazazi ni rahisi kumfanya fumbo.

Tatu, mateso yasiwe tabia yake pekee. Chotara hucheka, hudaiwa madeni, hupenda ugali au haupendi. Kijana akitunga mhusika ambaye kila anapofungua kinywa analilia damu yake, mlezi amwulize: je, siku ambazo hakuna anayemtukana, huyu hufanya nini?

Nne, asilazimishwe kuwa daraja la kupatanisha pande mbili. Daraja hukanyagwa na kila upande. Akitaka kupatanisha, na iwe kwa hiari yake, si kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Tano, kabla ya kuanza, msimulizi awaulize wenzake faraghani ni mambo gani hawataki yaguswe. Mezani anaweza kuwapo kijana ambaye hadithi ile ni ya nyumbani kwake, naye hatasema mbele ya watu.

Mwisho, tuyatazame madaftari yetu wenyewe. Katika Rwanda ya kikoloni vitambulisho viliandikwa kabila la baba, na mwaka 1994 karatasi hiyo ilitosha kumwua mtu kizuizini. Sisi nasi tuna fomu za shule, za ajira na za vyama. Kila palipo na nafasi ya kujaza kabila au asili, tuulize inatumika kwa kazi gani, na mwenye asili mbili atajaza nini. Akilazimika kumfuta mzazi mmoja ili fomu ikubalike, basi fomu hiyo imekwisha kumpunguzia alama, hata kama hakuna tarakimu iliyoandikwa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika eneo letu watu wenye wazazi wa makabila au mbari mbili huitwaje? Je, wao wenyewe hujiitaje?

2. Tajeni kanuni moja, iliyoandikwa au isiyoandikwa, katika shule, ofisi au ukoo, inayompunguzia mtu kitu kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Nani aliitunga, na nani ana uwezo wa kuibadilisha?

3. Je, ni bora hadithi za vijana zisiwe na ubaguzi wowote, au ziwe nao ili wajifunze kuukataa? Toeni mfano.

4. Iwapo kundi la watu limetukanwa kwa miaka mingi katika vitabu, lipi ni jema: kuwaondoa vitabuni au kuwaandika upya? Nani aulizwe kwanza?